Mistari ya Peru na Kuta za Wadi Kabir

Mwezi uliopita nilikuwa kliniki ya macho, nimetiwa dawa ya kupanua mboni, sioni kitu isipokuwa mwanga mweupe na vivuli vya watu wanaopita. Muuguzi akaita jina langu lote, la baba na la babu. Kabla sijanyanyuka, kivuli kilichokaa kiti cha pili kutoka changu kikageuka. "Zuwena? Zuwena wa mistari?" Hapajakuwa na mtu mwengine duniani aliyewahi kuniita hivyo. Ilikuwa sauti ya Rahma, binti wa Mwalimu Seif, shoga yangu ambaye kwa miaka mingi tulikuwa tukipeana salamu za Idi kwa simu tu, yeye kahamia Al Amerat na wajukuu, mimi huku Seeb, pande mbili za mji. Tulikamatana mikono kama vipofu wawili, tukacheka mpaka muuguzi akaja kuuliza kama tuko salama. Tulipokwisha kucheka Rahma akaniambia, taratibu, "Baba mpaka siku zake za mwisho alikuwa akikutaja. Akisema, Zuwena ndiye aliyenipumzisha." Nikashukuru kwamba macho yalikuwa tayari yanatoka machozi kwa dawa. Mwalimu mwenyewe alinisamehe zamani, kwa mdomo wake, lakini mtu muungwana husamehe kwa mdomo mambo mengi, na mimi nilibaki na kijiwe moyoni kwamba huenda alinisitiri tu. Sasa kijiwe kimetoka, na mwaka ule naweza kuuandika.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimerudi na cheti cha upimaji ardhi, na nikakaa katika chumba cha tatu cha ofisi ya ramani, msichana peke yangu kati ya wanaume sita ambao hawakujua wanifanye nini. Basi wakanipa ramani ya Wadi Kabir niichore upya. Hakuna aliyekuwa akiitaka kazi ile. Bonde limejaa gereji, maghala, vyumba vya wafanyakazi, kuta zilizojengwa leo na kuvunjwa kesho, vichochoro visivyo na mpango wowote. Asubuhi nilikuwa naichora Wadi Kabir, na alasiri nilikuwa nashuka Wadi Kabir yenyewe, kwa sababu nyumba ya Mwalimu Seif ilikuwa mwisho wa bonde, ghorofa ya juu, dirisha la sebuleni likiangalia mapaa ya mabati ya gereji. Mwalimu ndiye aliyetufundisha hesabu mimi na Rahma kwenye meza yao ya kulia chakula, na ndiye aliyemwambia baba yangu kwamba kichwa changu si cha kukaa nacho nyumbani. Wakati ule alikuwa amekwisha kustaafu, moyo wake unamsumbua, na daktari kamkataza chumvi na ngazi. Alikuwa akipanda ngazi mara nne kwa siku, kwa kila sala ya msikitini, isipokuwa ya alfajiri.

Sebule ile naiona mpaka leo. Kochi mbili za kahawia, zulia jekundu, feni ya dari inayotoa mlio kila ikizunguka, na ukuta mzima, kutoka mlangoni mpaka dirishani, picha za jangwa lililotazamwa kutoka angani. Si jangwa letu. Lilikuwa jangwa la Peru, upande wa pili wa dunia, ambako watu wa kale waliokota mawe meusi juu ya ardhi, wakaacha udongo mweupe uonekane chini yake, na kwa njia hiyo wakachora ndege, buibui, nyani mwenye mkia uliojiviringisha, na zaidi ya yote, mistari. Mistari iliyonyooka kama imepigwa kwa rula, inakata mabonde na vilima, mingine inakwenda mwendo wa saa nzima kwa miguu. Mvua hainyeshi huko, basi imebaki. Mwalimu aliziona picha hizo mara ya kwanza katika jarida, akaandika barua mpaka Lima, mji mkuu wa kule, kuomba picha za angani na ramani, na vitu vilipofika kwa posta, baada ya miezi, alivitundika ukutani mahali palipokuwa na picha ya harusi yake. Picha ya harusi ilihamia juu ya friji.

Bi Nunu, mkewe, alikuwa ndani ya jiko lake akikaanga samaki wa changu, nami nikimsaidia kukuna nazi, na siku moja nilimsikia akimwambia shoga yake kwenye simu, kipande cha simu kakibana kwa bega. "Wenzangu wana wake wenza mtaa wa pili. Mie mke mwenzangu yuko Peru. Hali chakula changu, hanigombezi, lakini wallahi bwana hamtoki mawazoni." Akacheka, kisha akashusha sauti. "Sasa anataka kumtolea kitabu. Nnaomba tu watu wasije wakamcheka bwana. Moyo wake hauwezi kuchekwa." Niliendelea kukuna nazi nikijifanya sikusikia. Maneno yale niliyabeba mwaka mzima.

Maana kweli Mwalimu alikuwa na kitabu, na kitabu kilikuwa na mambo mawili. La kwanza, kwamba mistari ile ilielekezwa mbinguni: huu unalenga pale jua la Disemba linapochomoza, huu pale mwezi unapofika mwisho wa safari yake, huu kundi la nyota za Kilimia, huu nyota ya Suheli. La pili, kwamba watu wale walikuwa na kipimo kimoja cha urefu, na yeye amekipata. Alikiita kigezo. Kilikuwa dhiraa moja na nusu, sentimita sabini hivi, na alisema kila mstari uligawanyika kwa kigezo hicho bila kubaki kitu, au kikibaki, hakizidi shubiri. "Tazama, Zuwena," alikuwa akiniambia, kapanua kiganja chake juu ya picha, kidole gumba na kidole kidogo vimeachana. "Shubiri, dhiraa, pima. Bibi yako akipimia kanga kwa mkono wake. Na hawa vile vile! Mwanaadamu hubeba kipimo mwilini mwake." Akisema hivyo uso wake ulikuwa wa kijana. Mswada ulikuwa tayari kwa mpiga chapa, na klabu moja ya mjini ilikuwa imemkaribisha atoe mhadhara. Aliniomba jambo moja tu. "Wewe sasa ndiye mwenye cheti. Nipitie hesabu. Uzihakikishe, kisha nikutaje kwenye dibaji."

Nilizipitia kwa mapenzi, na hesabu zenyewe hazikuwa na kosa hata moja. Kilichonisumbua ni penseli. Katika picha zile, unene wa ncha ya penseli ulikuwa ni mita kadhaa kule ardhini, na Mwalimu alikuwa akitafuta shubiri. Nilipomwambia alinijibu kwamba ukipima mara nyingi makosa hufutana. Nikakubali, kwa sababu ni kweli hufutana, mara nyingine. Ndipo nikapata wazo ambalo nilidhani litamfurahisha. Nilitaka kumtafutia orodha ya mistari isiyo na maana yoyote, niipime kwa njia yake ile ile, ishindwe vibaya, ili aiweke kwenye kitabu kama ushahidi. Na mistari isiyo na maana nilikuwa nayo mezani kwangu. Kwa wiki tatu, wakati wenzangu wakienda kula, nilibaki na sambusa mbili kwenye karatasi nikipima kuta za gereji za Wadi Kabir. Nikajifanya bonde letu liko Peru, nikatafuta kila ukuta unaelekea nyota gani, na kila urefu nikaugawa kwa kigezo.

Ukuta wa fundi wa betri ulilenga jua la Disemba. Uzio wa ghala la marumaru ulilenga Kilimia. Kichochoro kilichokwenda chooni kwa wafanyakazi wa kampuni ya mabomba kilielekea mwezi kwa usahihi ambao hakuna mstari wa Peru ulioufikia. Nikaona nimekosea, nikarudia. Halafu nikaelewa, na nilipoelewa niliirudisha sambusa kwenye karatasi yake. Mbingu zina nyota nyingi, na Mwalimu alikuwa amejiruhusu jua, mwezi na nyota zote kubwa, zikichomoza na zikizama. Ukiwa na shabaha nyingi kiasi hicho, huwezi kurusha mshale ukakosa. Na kigezo cha sentimita sabini, ukikisamehe shubiri huku na shubiri kule, kitakubaliana na theluthi mbili ya kila urefu ulioko duniani, uwe wa kaburi la mfalme au wa kitanda changu. Watu wa Peru walikuwa hawakusema lolote. Njia ya kupima ndiyo iliyokuwa ikizungumza.

Sikumwambia. Nikajipa wiki, wiki ikawa Ramadhani nzima. Nilikuwa nafuturu kwao, nakula kunde za nazi na mkate wa kumimina, na Mwalimu kila siku ananiuliza, "Umefika wapi?" nami najibu, "Nnaendelea." Rahma aliona kitu. Tulipokuwa tukikosha vyombo aliniuliza kama nimepata mchumba. Nilitamani iwe hivyo. Baada ya Idi, Mwalimu akasema mswada unakwenda kwa mpiga chapa Jumamosi, na hapo nilijua kwamba nikinyamaza tena, atasimama mbele ya ukumbi na mtu yeyote mwenye penseli ataweza kumvunja. Lakini kusema kwa mdomo sikuweza. Nikapiga chapa karatasi mbili zisizo na kichwa. Kwenye moja, mistari ya Peru. Kwenye ya pili, kuta za Wadi Kabir. Urefu, pamoja na jina la kila ukuta, niliuweka kwenye karatasi ya tatu; katika hizi mbili nikaweka mwelekeo, nyota, na kilichobaki baada ya kugawa.

Ijumaa ile, baada ya sala, tulikaa kwenye zulia tukila pilau. Sikujua kwamba kutakuwa na mgeni. Mzee Khamis, aliyefundisha naye zamani, alikuwa amekuja kuusoma mswada kabla haujaondoka. Mtu mwenye busara angeziacha karatasi mkobani. Mimi nilikuwa nimekwisha kujitia moyo njia nzima, na niliogopa kwamba moyo ule hautakuja mara ya pili. Kahawa ilipoletwa nikazitoa.

"Mwalimu," nikasema, "moja katika hizi ni Peru. Ipi?"

Alivaa miwani yake kwa furaha. Aliipenda michezo ya namna hiyo, alikuwa akitufanyia sisi utotoni. Alizisoma zote mbili, kidole kikishuka mstari kwa mstari, halafu akainyanyua ya kulia juu. "Hii! Hii hata mtoto anaiona. Tazama mwezi huu, Khamis, tazama ulivyokaa."

"Na ile nyengine?" Mzee Khamis akauliza.

Sauti yangu ilitoka ndogo. "Ile nyengine ndiyo Peru, Mwalimu. Hiyo uliyoshika ni gereji za hapo chini."

Mzee Khamis alicheka. Hakukusudia ubaya, kilimtoka tu, kicheko cha mtu aliyeshtuka. Mwalimu hakucheka. Aliitazama karatasi, akatazama dirishani, akaitazama tena. Akaiweka kwenye zulia kwa uangalifu, akanyanyuka kwa kushika kochi, akaingia chumbani, na tukasikia ufunguo ukizunguka. Feni iliendelea na mlio wake. Bi Nunu alikusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na kahawa. Jikoni aliniambia, bila ya kunigeukia, "Pengine ni kweli ulichosema. Mie sijui. Lakini mbele ya mgeni, Zuwena?" Rahma alinisindikiza mpaka ngazini, na pale ngazini akasema, "Usije tena."

Sikwenda. Nimekuwa na huzuni kubwa zaidi maishani, nimezika watu, lakini wiki zile mbili zina ladha yake. Ofisini bado nilikuwa na ramani ya Wadi Kabir, na kila ukuta niliouchora ulinitazama. Mimi niliyejiona mkweli nilianza kujiuliza kama sikufurahia, hata kidogo, pale nilipouliza "Ipi?" Nadhani nilifurahia. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na nimemshinda mwalimu wangu. Jambo hilo sijamwambia mtu mpaka leo.

Jumatano, karibu na saa sita ya mchana, simu ya ofisini ililia, ikawa Bi Nunu. "Mwanangu, Mwalimu kapotea. Katoka saa mbili, kasema anakwenda dukani. Dawa zake ziko hapa mezani." Ulikuwa mwezi wa Mei, jua la mchana la kupasua mawe. Nikachukua gari la ofisi bila ruhusa ya mtu. Rahma alikuwa ananingoja chini ya nyumba, ushungi umemteleza, akafungua mlango akaingia, wala hatukusalimiana. Tulikwenda msikitini, hayupo. Dukani, hawajamuona. Kituo cha teksi, hawajamuona. Rahma akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti ya chini, na alipofika mwisho akaushika mkono wangu uliokuwa kwenye gia. Nikawaza: nimemuua. Nikawaza maneno hayo hayo, kwa utulivu, kana kwamba nasoma kibao cha barabarani.

Kisha Rahma akapiga kelele, "Simama!"

Ndani ya gereji ya fundi wa betri, kivulini, Mwalimu Seif alikuwa amekaa juu ya tairi la lori, kofia kaiweka gotini, anakunywa chai ya maziwa kwenye kikombe cha karatasi. Mafundi watatu wa Kihindi walikuwa wamemzunguka. Mmoja alikuwa ameshika ncha ya tepu ya kupimia, na mwengine anaandika namba ukutani kwa chaki. Rahma alishuka mbio akamwangukia miguuni, analia na kumgombeza pamoja. "Baba! Dawa zako! Mama anakufa kule!" Yeye alimpapasa kichwa, na akanitazama mimi niliyebaki nimesimama mlangoni.

"Zuwena," akasema, "umekosea."

Akanionyesha namba za chaki ukutani.

"Ukuta huu, kwenye ile karatasi ya tatu uliyoiacha kwetu, umeuandika mita kumi na mbili. Mimi na hawa tumeupima mara tatu. Ni kumi na moja na sentimita tisini." Akainua kidole. "Ugawe kwa kigezo changu."

Nikagawa kichwani. "Kumi na saba," nikasema. "Kumi na saba kamili. Haibaki kitu."

"Haibaki kitu!" Na hapo akaanza kucheka. Alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kanzu, mafundi nao wakacheka bila ya kujua wanachekea nini, na mimi nikakaa chini pale pale kwenye sakafu ya mafuta, na buibui langu, nikalia kama mtoto aliyeokotwa. Alikuwa amepima kuta ishirini na mbili, siku nne mfululizo, asubuhi asubuhi, akimwambia mkewe anakwenda dukani. "Ungeniambia kwa mdomo ningekujibu," aliniambia ndani ya gari. "Watu wengi nimewajibu kwa mdomo. Ukuta sikuweza kuujibu." Na tulipokuwa tunapanda ngazi, pole pole, mimi na Rahma tumemshika huku na huku, nilimwomba radhi kwa ajili ya Mzee Khamis. Akasimama apumzike. "Khamis anacheka kila kitu. Alicheka hata kwenye nikaha yangu."

Kitabu kilirudi kutoka kwa mpiga chapa bila ya kuchapwa. Mhadhara aliutoa. Nilikaa safu ya nyuma na Bi Nunu, ambaye alikuwa ameshika tasbihi na ncha ya leso yangu. Mwalimu aligawa karatasi mbili kwa kila aliyehudhuria, akawauliza ipi ni Peru, na ukumbi karibu mzima ukanyanyua ile ya gereji. Wakacheka, naye akacheka nao, na nikauona mwili wa Bi Nunu ukilegea pembeni yangu, bega baada ya bega. Aliwaeleza kinachojulikana na kisichojulikana. Kwamba mistari michache pengine kweli inalenga jua, lakini michache, na haithibitiki kwa kuhesabu tu. Kwamba kunyoosha mstari mrefu hakuhitaji uchawi wala elimu ya siri, inatosha watu watatu na fito tatu. Kwamba wengi waliochunguza kule kwenyewe wanaona ardhi ya mistari mingi imekanyagwa, na huenda ilichorwa ili watu waipite kwa miguu, katika ibada zao, pengine za kuomba maji. Mtu mmoja mbele akauliza, kwa adabu, kama basi kazi ya miaka yote ile imekwenda bure.

"Bwana," Mwalimu akamjibu, "nnakwambia kweli, wiki hii nimelala usingizi ambao sijaulala tangu nianze."

Sikuelewa mpaka kesho yake, nilipokwenda kwao kula. Alikuwa amesogeza makochi ukutani. Katikati ya sebule palikuwa na sanduku la bati ambalo sikuwahi kuliona, lilikuwa likikaa chini ya kitanda chake. Ndani mlikuwa na mabunda ya karatasi nyembamba za kuchorea, mamia. "Kila nilipokutana na mstari usiokubali, si jua, si mwezi, si kigezo, nliutoa nikauweka humu," alisema, na hakunitazama. "Nlijiambia hiyo ni mistari iliyoharibika. Miaka yote, Zuwena. Nilikuwa nnajua liko chini yangu nnapolala." Tulipiga magoti kwenye zulia, yeye, mimi na Rahma, tukaanza kuirudisha, kila mstari mahali pake, tunaunganisha karatasi kwa gundi, na jangwa likawa linapanuka kutoka chini ya dirisha mpaka mlangoni. Ilipotimia yote ilikuwa kitu kingine kabisa. Ilipishana, ilikutana kwenye vilima na kutawanyika tena, mingine juu ya mingine, mingi mno, mizuri mno, haikutaka kuthibitisha lolote.

Bi Nunu alitokea jikoni na sinia la biriani mikononi, akasimama kizingitini. Peru ilikuwa imeijaza sebule yake yote.

"Sasa mtu atapita wapi?" akauliza.

"Pita juu yake," Mwalimu akasema. "Fuata mstari."

Bi Nunu akavua ndara. Akautafuta kwa macho ule mrefu kuliko yote, akaweka mguu mmoja, halafu wa pili mbele yake, sinia limenyooka, na akaja mpaka tulipo.